Mama Lifti, Aliyerudi Kupanda kwa Ngazi

Ndugu zangu wafiwa, wakwe zetu mliosafiri tangu alfajiri, majirani mlioacha shughuli zenu, na ninyi akina mama wa ngazi mliokaa nyuma kabisa kana kwamba hamkualikwa, poleni sana, na asanteni kuja kumsindikiza dada yangu. Mimi ni mdogo wake, kitindamimba wa mama yetu, na nimesimama hapa kusoma maisha yake, kazi ambayo katika nyumba yetu siku zote imefanywa na kaka yetu mkubwa, lakini safari hii marehemu mwenyewe alitaka niifanye mimi, akamwambia hivyo kaka akiwa kitandani, mume wake akisikia, kwa hiyo mwenye swali amuulize shemeji, huyo hapo mstari wa mbele. Karatasi niliyoshika iliandikwa sebuleni kwa kaka, na tangu Jumatano tumebishana juu ya sentensi moja tu, ile inayosema dada amekufa kwa nini, wengine wakitaka isemwe ilivyo na wengine wakisema si leo, si mbele ya wakwe. Nitaifuata karatasi hii kwa heshima zote, na nikifika mahali pa kuiacha nitawaambia nimeiacha.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1953, akiwa mtoto wa tatu kati ya wanne wa baba yetu seremala na mama yetu mshona nguo, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mbao, ambako vumbi la msumeno liliingia hadi kwenye kopo la chumvi, na mama alipenda kusimulia kwamba mtoto huyo alipotoka hakulia sana, aligeuza tu shingo kama anayetaka kujua ni nani mwingine yumo chumbani. Mbele yake walikuwepo kaka na dada yetu mkubwa, nyuma yake nikaja mimi, na kwa kuwa mama alikuwa kwenye cherehani kutwa nzima, huyu ndiye aliyenibeba mgongoni, akanifundisha kufunga kamba za viatu, na akanipiga pia, nisimpambe kupita kiasi.

Alianza shule ya msingi mwaka 1961, akaendelea na sekondari hadi mwaka 1971, akiwa mzuri wa hesabu na hodari zaidi wa kuwaigiza walimu, kipaji kilichomfanya afagie uwanja wa shule mara nyingi kuliko wenzake wote, kisha akapelekwa kusomea upigaji chapa, akafeli, kwa sababu alikuwa anaongea huku anachapa na mwisho wake akawa anachapa anachoongea. Baba alisikitika, yeye hakusikitika hata kidogo, alisema mashine ile haijibu na yeye hawezi kukaa kutwa nzima na kitu kisichojibu.

Tarehe 3 Februari 1975 aliajiriwa kuwa mwendesha lifti katika jengo la ghorofa tisa la ofisi za ardhi, na hapo ndipo alipopata jina ambalo wengi wenu mnamjua kwalo, Mama Lifti. Waliopita mle wanakikumbuka kile kiti chake kirefu cha mbao chenye mto alioushona mwenyewe, feni ndogo iliyofungwa kwa waya juu ya vitufe, na yeye katikati, anafunga mlango, anafungua mlango, anajua nani amepandishwa cheo kabla barua haijatoka, kwa namna tu mtu alivyoingia na mabega yake, na kila alipofika ghorofa uliyoitaka, awe mkurugenzi au mjane aliyekuja kufuatilia kiwanja, alikuaga kwa maneno yale yale, tumefika, shukeni taratibu. Alifanya kazi hiyo hadi alipostaafu mwaka 2008, miaka yote hiyo ameketi, miguu ikivimba jioni, mwili ukiongezeka, na sisi nyumbani tukimsifu kwamba amenawiri, kazi imemkubali.

Alifunga ndoa tarehe 22 Desemba 1979 na fundi wa lifti, ambaye mwanzoni mwa mwaka huo aliitwa kutengeneza mlango uliokuwa unagoma, akatumia wiki nzima kwa kazi ya siku moja, na hadi leo hakuna aliyewahi kuonyeshwa kipuri kilichokuwa kimeharibika. Shemeji, nakuona unacheka, na ungekuwa peke yako usingecheka, nakujua. Walijaliwa watoto wawili, wa kwanza wa kiume, fundi umeme, aliyezaliwa mwaka 1981, na wa pili binti, mpima ardhi, aliyezaliwa mwaka 1988, ambaye posa yake ndiyo iliyowaleta wakwe zetu hawa nyumbani kwetu mwezi wa sita, posa tuliyoipokea kwa vigelegele, maana binti alishaanza kutuambia tuache kumwulizauliza.

Sasa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu hapa karatasi inaruka miaka, na mimi siwezi kuiruka. Mama yetu alifariki mwaka 1984, na kwenye maziko yake ilisomwa kwamba aliugua presha kwa muda mfupi. Dada yetu mkubwa alifariki tarehe 6 Oktoba 2009, na kwenye maziko yake, nikiwa nimesimama pale penye watu wengi na kanga yangu mdomoni, ilisomwa kwamba aliugua vidonda vya tumbo. Lakini asubuhi ya siku ile, kabla ya kusomwa chochote, huyu tunayemzika leo alikuwa chumbani na shangazi yetu wakimwosha dada mkubwa, na alipofunua shuka kifuani alikuta titi la kushoto halipo, mahali pake pana kidonda kilichofungwa vitambaa, vitambaa vya gauni alilolifahamu, maana walishona pamoja. Shangazi akamwambia afunike na anyamaze. Alifunika, akanawa mikono, akatoka nje, akaketi kwenye benchi la mbele, akasikiliza vidonda vya tumbo hadi mwisho, na aliniambia baadaye kwamba alihisi kama mtu anayeona nyumba inaungua huku watu wanasifia rangi ya mlango.

Hakunyamaza, huyo hakuwa wa kunyamaza. Arobaini ilipoisha alimfuata shangazi nyumbani kwake, akakaa jikoni kwake siku nzima akimchambulia mboga, na jioni shangazi akasema, kwamba mama yetu naye ilikuwa vile vile, titi lile lile, na kwamba ndugu waliona ni vyema lisitajwe, kwa kuwa mimi kitindamimba nilikuwa bado sijaolewa na watu wangesema damu ya nyumba hii ina walakini. Sisemi haya kumshtaki mtu. Kaka alikuwa kijana wakati mama anafariki, alibebeshwa nyumba nzima, na aliamini anatukinga, lakini matokeo yake ni kwamba mabinti wa mama mmoja tulikaa nyumba moja na hatari moja, tukiwa tunaulizwa hospitali kama kuna historia ya ugonjwa huo katika familia, na tunajibu hapana kwa moyo mweupe.

Mwezi Januari 2010 dada alikwenda kliniki ya akina mama, na muuguzi mmoja mwenye miwani minene, ambaye yupo hapa leo na ninamshukuru kwa kuja, alipomuuliza swali hilo akajibu ndiyo, mama, na dada wa tumbo moja. Muuguzi yule hakumtisha wala hakumdanganya. Alimweleza kwamba hatari yake ni kubwa kuliko ya mwanamke mwingine wa umri wake, kwamba damu hawezi kuibadilisha na umri hawezi kuurudisha nyuma, lakini yapo anayoyaweza, kupigwa picha ya matiti kila mwaka bila kukosa, kupunguza uzito uliokuja baada ya hedhi kukoma, na kufanya mazoezi, na si yale ya kutembea huku unasalimia watu dukani, bali mazoezi mazito, ya jasho, ya moyo kwenda mbio, yanayokufanya ushindwe kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi. Dada alituambia alikubali yote palepale isipokuwa hilo la sentensi, hilo aliomba akalifikirie nyumbani.

Alipimwa kwanza moyo na presha, daktari akamruhusu, akaambiwa aanze pole pole, na alipotafuta mahali akakumbuka kwamba anafahamu jengo moja lenye ngazi ambazo hakuwahi kuzikanyaga. Alirudi kwenye zile ofisi za ardhi, asubuhi kabla ya kufunguliwa, akiwa amevaa raba za mwanawe na suruali ya michezo, na mlinzi wa mlango wa nyuma alipomwona alidhani mama wa watu kachanganyikiwa na kustaafu, akamwelekeza kwenye lifti kwa upole, naye akamjibu kwamba lifti ameipanda maisha yake yote na kila jioni ilimrudisha palepale. Siku ya kwanza alifika ghorofa ya pili, akaketi kwenye kidato, akahema hadi mlinzi akamletea maji. Lakini alirudi kesho yake, na wiki iliyofuata, na alipopata nguvu akaanza kupanda kwa kasi, anashuka taratibu akipumzika, anapanda tena, na mchapaji mstaafu wa ghorofa ya nne akajiunga naye, kisha mama wa kantini, kisha wengine ambao leo wamekaa kule nyuma, wote wamevuka hamsini, wote wana mama au dada au shangazi waliyemzika bila kuambiwa kilichomuua. Shemeji alimtania kwamba anamwaibisha kikazi, fundi wa lifti mkewe anapita kwa miguu, lakini ni yeye aliyemnunulia raba zake mwenyewe zilipochakaa zile za mwanawe.

Mwaka uliofuata kaka alikwenda pale ofisini na wazee wenzake kufuatilia hati, lifti ikawa mbovu, wakapita kwenye ngazi, na kwenye kona ya ghorofa ya tatu akakutana uso kwa uso na mdogo wake, mama mzima na heshima zake, jasho linamtiririka, anapanda mbio na kundi la akina mama wanaohema, wala hakuweza kumsalimia kwa sababu pumzi ilikuwa haitoshi. Kaka alikasirika sana. Jumapili yake aliitisha kikao, akasema mwanamke wa umri ule kukimbia ngazini na suruali ni fedheha, na kwamba atakuja kufia pale, na dada akamjibu, kwa adabu lakini bila kuinamisha macho, kwamba mama hakufia ngazini, dada hakufia ngazini, walifia kitandani na siri yao, na kwamba yeye ataendelea kupanda. Kikao kilivunjika bila chai kunywewa.

Alipanda miaka kumi na zaidi, mwili ukapungua, sukari iliyokuwa inamnyemelea ikarudi nyuma, na kila mwaka alikwenda kupiga picha, akilalamika njia nzima kwamba ile mashine inabana kama mlango wa lifti mbovu. Tarehe 17 Agosti 2021 picha ilionyesha uvimbe kwenye titi la kushoto, mdogo kama punje ya dengu, mdogo kiasi kwamba mkono usingeuona. Kuna waliosema hapo, nikiwasikia kwa masikio yangu, kwamba basi jasho lote lile lilikuwa la bure. Yeye alimuuliza daktari swali hilohilo, naye akamwambia mazoezi hupunguza hatari, hayaifuti, na kwamba hawezi kumwambia ngazi zimemwongezea miaka mingapi, hakuna anayeweza, ila anachokiona mbele yake ni mwanamke wa umri wa miaka sitini na nane mwenye moyo na mapafu ya kustahimili matibabu, na uvimbe uliokamatwa mapema kwa sababu mwenyewe alijua pa kuutafuta. Alipasuliwa, akapata dawa za dripu, nywele zikatoka, zikarudi zimejikunja, akafurahi kwamba amepata mtindo mpya bila kwenda saluni, na madaktari walipomruhusu akarudi kwenye ngazi, ghorofa ya kwanza tu, kisha ya pili.

Ndugu zangu, nimefika kwenye ile sentensi. Mshereheshaji ananionyesha saa, nimemwona, na kaka amesimama, nimemwona pia. Kaka, nakuomba ukae, wewe ndiye baba yetu sasa na sina nia ya kukushusha mbele za watu, ila karatasi uliyonipa inasema dada alianguka ngazini akiwa katika mazoezi na akaugua kwa muda mfupi, na maneno hayo ninayaacha hapa, nimeyaacha, sitayasoma. Hakuanguka. Mwezi Mei mwaka huu, kati ya ghorofa ya tano na ya sita, aliketi mwenyewe kwenye kidato akawaambia wenzake kwamba leo pumzi haimrudii kama siku zote, na kwa kuwa alikuwa anaijua pumzi yake vizuri, alikwenda hospitali siku hiyohiyo, akakutwa na maji kwenye mapafu, ugonjwa umerudi. Ngazi hazikumwua, zilimwambia mapema. Tukiandika kwamba zilimwua, hawa mama wa kule nyuma watakatazwa na waume zao na watoto wao kuanzia kesho, na mabinti wetu watarudi kuketi na kujibu hapana wakiulizwa.

Aliponiita kitandani alinionya kwamba nikisoma amekufa kwa presha atainuka humo ndani anisahihishe, na mnamjua, angeweza. Nilichoogopa mimi ni huyu binti yake na hawa wakwe zetu. Kwa hiyo leo asubuhi nilimfuata jikoni, akiwa anapanga vikombe, nikamuuliza, mwanangu, nisome au nisisome, na aliendelea kupanga vikombe hadi vikaisha, ndipo akaniambia, mama mdogo, soma, kama kuna wa kuondoka na aondoke leo nikiwa bado kwetu.

Basi nasoma. Mama yetu, mshona nguo, alifariki mwaka 1984 kwa saratani ya matiti. Dada yetu mkubwa alifariki mwaka 2009 kwa saratani ya matiti. Na huyu mbele yetu, Mama Lifti, amefariki Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa nne asubuhi, hospitalini, mkono mmoja ukiwa mkononi mwa mume wake na mwingine mkononi mwangu, kwa saratani ya matiti. Mimi ni wa tumbo lilelile, napimwa kila mwaka, na mpaka mwaka huu sijakutwa na kitu. Wakwe zetu, mmesikia, si kila anayezaliwa katika nyumba yenye ugonjwa huu ataupata, lakini anayejua anajilinda, na binti yetu anajua, hatukumpa mtu mtoto kwa kumfichaficha, mwamuzi ni ninyi. Na wewe kaka, unao mabinti watatu, wamekaa kulia kwako, na huyo mkubwa ndio kwanza namwona anakutazama hivyo, nakuomba jioni ya leo, wageni wakishaondoka, umjibu atakachokuuliza.

Binti wa marehemu amekuja kusimama hapa karibu yangu, mnamwona, kwa hiyo namalizia haraka. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya akina mama, na kwa namna ya pekee yule muuguzi wa miwani, aliyemweleza ukweli bila kumkatisha tamaa, tunawashukuru majirani waliompikia uji na kukaa naye mchana ili shemeji apate kulala, wafanyakazi wa ofisi za ardhi walioleta kile kiti chake cha mbao na kukiweka hapa mbele, mlinzi wa mlango wa nyuma, ambaye amesema Jumatatu atafungua mapema kama kawaida, na akina mama wa ngazi, ambao sasa naomba msogee mbele, nafasi zipo, mtakuwa wa kwanza kumwaga udongo baada ya watoto. Tunakushukuru na wewe kaka, kwa kukaa.

Dada, nimesoma kama ulivyotaka, na sasa vijana wanashika kamba za jeneza. Tumefika. Shuka taratibu, mama wa watu, pumzika kwa amani.